Kapteni wa Uzi Mwekundu

Mtu wa kwanza kujua kwamba nina kifua kikuu hakuwa daktari. Alikuwa jirani yangu wa hapa Bugene, mzee mpole, aliyekuja kunijulia hali jioni moja ya masika kwa sababu alisikia nakohoa. Nilimpa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa kila mgeni, buni chache zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa, nikazimimina kutoka kiganjani mwangu hadi kiganjani mwake. Akashukuru, akapeleka mkono mdomoni, akaanza kutafuna. Lakini mimi ni fundi cherehani, siku nzima natazama mikono na mifuko ya watu, na niliona mkono ule umepita mdomoni bila kuacha kitu, ukaishia mfukoni. Alitafuna hewa kwa adabu zote mpaka alipoaga.

Sikukasirika, nakwambia kweli. Nilitaka kujua amejuaje. Tangu siku ile nikawa nampa kahawa kila anayekuja, ili nione itakwenda wapi. Mmoja aliidondosha nyasini. Mwingine alisema meno yanamuuma, na kesho yake nikamwona sokoni anatafuna muwa. Mvua zilipokwisha, kikapu changu cha kahawa kilikuwa kimejaa vilevile, na mimi nilikuwa nimekonda hadi suruali zangu nazipunguza kiunoni.

Naandika haya kwa kuwa nimepona, na kwa kuwa najua kuna mtu Chonyonyo au Kyerwa au kokote ambaye ameambiwa maneno niliyoambiwa mimi, na sasa amekaa peke yake anatazama ukuta. Mambo ya mapafu na vijidudu utaelezwa na wenye elimu yake. Mimi nitakusimulia yale niliyotamani kuyajua na sikupata wa kunijuza: benchi la hospitali likoje, mwili unafanya nini, nani anakuja na nani haji, na mchana mrefu unaupeleka wapi.

Damu ilikuja nikiwa nashona. Iliangukia suruali ya kaki ya karani mmoja, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba doa hilo halitatoka. Anjelina, mke wangu, ndiye aliyeitupa kando ile suruali akanishika mkono. Tulitembea hadi hospitali ya misheni tukipumzika kila penye kivuli, yeye amembeba mgongoni binti yetu Koku, na mimi nikishangaa mwinuko ambao siku chache nyuma niliupanda nikipiga mluzi.

Nilikaa wodini kiangazi kizima. Benchi la watu wa kifua lilikuwa nje, upande ambao upepo hautuelekezi kwa wagonjwa wengine, na kila mmoja wetu alikuwa na kebe lake la makohozi lenye kifuniko. Mgeni wa benchi utamtambua tu: hulificha kebe chini ya nguo, kana kwamba sisi wengine tumebeba asali. Sindano ilichomwa kila asubuhi, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka nyama ikawa ngumu nikawa naketi upande. Baada ya sindano ilikuja dawa ya unga, nyingi, kali, inayotaka kurudi ilikotoka. Nilijifunza kwamba viwiko huuma mtu akikonda. Nilijifunza pia kwamba jasho la homa hii huloweka shuka hadi unaweza kuikamua. Kisha masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba wa cherehani isiyotiwa mafuta. Nilipomwambia muuguzi aliniuliza unatoka sikio lipi, na nikakaa mchana wote nikiusikiliza ili nimpe jibu la uhakika. Alicheka, lakini daktari alipunguza dawa. Kwa hiyo nakushauri, usione haya kuwaambia hata yale yanayoonekana ya kipuuzi.

Niliporudi nyumbani bado makohozi yangu yalikuwa na ugonjwa. Daktari alisema nilale peke yangu, nikae nje kwenye hewa, nisitumie kikombe kimoja na mtu, niendelee na sindano. Nikajengewa kibanda nyuma ya nyumba, ukingoni mwa migomba. Ndipo kaka zake Anjelina wakaja kutoka Kyerwa. Hawakugomba. Walisimama mbali, wakavua kofia, wakasema wanamchukua dada yao na mtoto mpaka mambo yatakapotulia. Koku alikuwa ameanza kusimama dede. Anjelina alinitazama ili nikatae, na mimi, nikimwangalia yule mtoto, nikamwambia aende. Aliniachia kikapu cha kahawa mlangoni, kimefunikwa vizuri. Alisema, "Wageni wakija." Nililia walipopotea kwenye kona, na kulia kukaniletea kikohozi, na kikohozi kikanichosha nikalala.

Wageni hawakuja. Alikuja Bitegeko.

Bitegeko ni mfugaji wa Nyakasimbi. Tulijuana kwa koti: alitaka nimshonee koti lenye mfuko wa kiko ndani, upande wa moyo, na tulibishana kuhusu mfuko ule hadi tukawa marafiki. Alikuja na kibuyu cha maziwa, akaketi kwenye kigoda hatua kadhaa kutoka nilipo, upepo ukimtoka mgongoni. Nikamwambia daktari ameagiza maziwa yachemshwe.

Uso wake ukabadilika. Ninyi msio wafugaji hamwezi kuelewa. Kwao maziwa yakichemshwa ng'ombe huumia kiwele, hata awe malishoni mbali kiasi gani. Kisha akageuza kigoda chake akaitazama migomba.

"Chemsha," alisema. "Mimi sioni kitu. Na ng'ombe hatasikia kwangu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kila alipokuja. Mimi nachemsha, yeye anaisimulia migomba habari za Nyakasimbi mpaka nimalize.

Siku moja, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakiwa wameanza kutua na watoto wakipiga kelele mashambani, aliniuliza ninafanya nini mchana kutwa. Nikamwambia nafikiri jinsi watu walivyoweza kushuka mlima usiku bila moto. Baba yangu alikuwa mpagazi wa Wajerumani katika vita vile vya kwanza, walipokaa ng'ambo hii ya Kagera na Waingereza ng'ambo ile. Alitusimulia kwamba waliuhama mlima mmoja wakati wa giza, mzinga na vyote, na ofisa alikataza hata kiko. Giza tupu, hakuna moto.

"Mlima gani?" Bitegeko akauliza.

Nikamweleza bonde, mto ulivyopinda, miamba miwili. Akatoa kiko mdomoni.

"Fundi, baba yangu alikuwa amehamishia ng'ombe ng'ambo ya bonde hilohilo. Aliuona mlima ule unawaka moto mpaka kulipokucha. Asubuhi Waingereza wakapanda, hawakumkuta askari hata mmoja."

"Hakukuwa na moto."

"Ulikuwepo."

Tulitazamana. Hakuna aliyetaka kumwita baba wa mwenzake mwongo, na wala hatukuwa tayari kuuacha mjadala. Bitegeko akainuka, akachukua kijiti, akachora mto uani. Akakokota udongo kwa mguu akafanya mlima. Akatafuta kitu cha kuwa askari, na macho yetu yote mawili yakaenda kwenye kikapu cha kahawa kilichokuwa mlangoni. Kahawa ile haikuwa na kazi nyingine.

Buni zangu zikawa Wajerumani. Kesho yake alileta maharage meupe, wakawa Waingereza. Nilifunga nyuzi: kijani kwa wapagazi, bluu kwa wapiga mzinga, na buni moja kubwa nikaifunga uzi mwekundu, nikaukata kwa meno kama mafundi tufanyavyo bila kufikiri, ikawa kapteni. Mwendo tuliupima kwa futi yangu ya kupimia nguo. Askari asiye na mzigo anakwenda shibiri moja, mzinga nusu shibiri. Risasi tuliiamua kwa kurusha buni zilizopasuliwa katikati: zikianguka bapa juu, aliyelengwa amekufa. Kila mmoja alikuwa na ufito mrefu wa kusukumia watu wake, ili tusikaribiane na tusishike kimoja. Hilo la fito lilikuwa wazo lake. Nilikuwa sijafukuzwa kwa heshima namna hiyo tangu niugue, nikafurahi.

Vita vya kwanza maharage yake yalivuka mto na kuwazunguka wapagazi wangu. Akapiga goti kwa furaha.

"Nimekula!" akasema, kama tusemavyo sote kwenye bao.

Akaziokota buni zangu, na mkono ukaanza safari ya mdomoni kwa mazoea ya miaka yote. Ukasimama njiani. Nilijua safari ile, nilikwisha kuiona mara nyingi. Nikangoja nione kama utapita mdomoni mtupu na kwenda mfukoni penye kiko.

Bitegeko akaushusha mkono wazi, buni zikionekana zote.

"Fundi," alisema, "sitakudanganya. Nina watoto. Naogopa."

"Najua."

"Basi vita hivi havina kula. Hawa ni mateka. Tunawafunga." Akamimina buni kwenye kikapu kidogo kingine cha nyumbani kwetu, kile cha kufunikwa, tunachotumia kuandalia wageni kahawa, akakiweka mlangoni. "Siku hospitali itakaposema umesafika, tutafanya amani, na nitawala wote mbele yako."

Nilishukuru kwa jambo ambalo huenda utaliona dogo. Yeye peke yake, kati ya watu wote, aliniambia kwa mdomo wake kwamba ananiogopa, na kisha akabaki ameketi.

Tuliupigania mlima ule majira ya senene yote na baada yake. Muda ulikwenda hivi: sindano asubuhi, kupumzika, kisha vita siku ambazo Bitegeko yupo, na siku ambazo hayupo mimi napanga jeshi na kufikiri. Siku moja kuku wa jirani alipita mtoni akala Waingereza kadhaa, tukakubaliana kwamba alikuwa mamba. Nikikohoa, Bitegeko hakusema pole. Alisema, "Mvua inanyesha," na majeshi yote mawili yalisimama mpaka mvua ikatike. Kuna siku ilinyesha sana.

Kadiri tulivyocheza ndivyo jambo lile lilivyozidi kunitatiza. Nikiondoka bila moto, kama baba alivyosema, Waingereza wanatambua mapema kwamba mlima ni mtupu, wanavuka, wananikamatia mzinga njiani. Nikiuacha moto unawaka, kama alivyoona baba yake Bitegeko, wanadanganyika na mzinga unapona, lakini moto unahitaji mtu wa kuuchochea, na huyo anakamatwa asubuhi. Kapteni wa uzi mwekundu alikamatwa hivyo. Nilimwacha mwenyewe kwenye moto, kwa majaribio, akaenda kikapuni na wenzake. Lakini baba alisema hakuna askari hata mmoja aliyepungua. Basi nani aliyechochea?

"Labda ni mashetani," Bitegeko alisema.

"Mashetani hawakati kuni."

Masika yaliporudi nilianguka tena. Maji yalijaa ubavuni, homa ikapanda, nikabebwa kwenye machela kurudi wodini. Kwa mara ya kwanza sikutaka kujua chochote. Nililala nimeelekea ukutani, na muuguzi akiniuliza kama nimekula nilifumba macho. Niliogopa kufa, nasema wazi, na nilimwonea uchungu Koku ambaye angekua bila kuijua sura yangu. Kaka zake Anjelina waliletewa habari, na kwao habari zilifika zimevimba.

Bitegeko hakuruhusiwa kuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha kwenye manyunyu, koti nililomshonea likiwa limeloa mwilini mwake.

"Fundi! Udongo umelainika, mlima wako umeshuka upande wa kushoto. Nimeusogeza mzinga wako usizame. Unakubali?"

Nilivuta shuka kichwani.

"Usipokubali naurudisha."

Wagonjwa wenzangu walinigeukia wote. Nikafikiria mzinga ule kwenye tope. Upande wa kushoto ulikuwa mbaya, ungeonekana kutoka mtoni.

"Weka nyuma ya mwamba," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba.

"Sikusikii!"

"Nyuma ya mwamba, we mfugaji!"

Muuguzi alikimbia akidhani nimezidiwa. Mchana ule nikanywa uji.

Kiangazi kilipoingia nilirudi kibandani. Mwili ulikuwa umeanza kubadilika tena, sasa kwa upande mwingine. Mashavu yalirudi kwanza, kisha makalio, na wa sindano waliyashangilia kuliko mimi. Sikio moja liliendelea kulia kidogo, na kizunguzungu kilinishika nikigeuka haraka, kwa hiyo siku za sindano Bitegeko alitembea nami, yeye mbele upande wa upepo, mimi nyuma nimeshika ncha ya fimbo yake. Tulirudi hivyo mchana mmoja, tukamkuta mwanamke mzee ameketi mlangoni pa kibanda, miguu ameinyoosha, vumbi la safari mpaka magotini.

Alikuwa shangazi yake Anjelina, dada wa baba yake, kutoka Kyerwa. Kwetu shangazi ndiye anayemfunda binti na kumpeleka kwa mume, na yakiharibika ndiye anayetumwa kuja kuyasema. Nilipomwona niliiachia ncha ya fimbo. Nilijua ameletwa na maneno gani.

Kisha nikaona anatafuna.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimeketi sana, jamani waitu, hakuna mtu. Nikasema kahawa ya wageni iko mlangoni, si vibaya nikajikaribisha." Akaingiza vidole mdomoni, akavuta taratibu, akatoa kitu akakiinua juani. Kilikuwa uzi mwekundu. "Ila kahawa yenu siku hizi ina nyuzi?"

Kikapu cha mateka kilikuwa wazi mapajani mwake. Kilikuwa karibu kitupu.

Bitegeko akavua kofia. "Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "huyo alikuwa kapteni."

Nikamwambia ateme. Nilisema kwa ukali, na sikuwa nimewahi kumsemesha mkwe wangu kwa ukali. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mbali: kwamba buni zile ni zangu, nilizishika nikiwa mgonjwa kabisa, na uzi ule niliukata kwa meno yangu. Kusema hivyo kulikuwa kama kumkabidhi mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe, lakini nisingeweza kunyamaza na kumtazama akitafuna.

Hakutema. Alinitazama tu.

"Uliukata lini?"

"Msimu wa senene."

"Sasa ni kiangazi." Akafikiri. "Nimekula wangapi?"

"Karibu kikosi kizima," Bitegeko alisema.

"Na kwa nini kahawa ni askari?"

Hapo, msomaji, ilibidi watu wazima wawili wamweleze mama mzee kwa nini wana mlima, mto na mzinga wa matete uani. Nilidhani atatucheka au atatuonea huruma. Aliinuka akauzunguka mlima, mikono mgongoni, akaonyesha mto kwa kidole cha mguu.

"Huu umekosea. Unapinda zaidi huku." Akauliza miamba miwili iko wapi, tukamwonyesha. Akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia habari ya moto: baba yangu aliyeondoka gizani, baba yake Bitegeko aliyeuona mlima unawaka, na kwamba kila tukijaribu mmoja wao anakuwa mwongo.

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Moto? Ule moto ni wetu!"

Bitegeko akachuchumaa kando ya mlima.

"Tulikuwa wasichana. Walitukusanya vijijini tuwapondee ulezi na kuwapikia. Siku ile wakaondoka wote gizani, wapagazi, mzinga, kimya. Akabaki mmoja nyuma. Akatuambia, wenzangu wakishapotelea kule bondeni, washeni mioto yote, mchochee mpaka kuche, atakayekimbia tutamrudia. Kisha naye akaenda zake. Tukawasha."

"Nyinyi peke yenu?" nikauliza.

"Peke yetu, na Waingereza ng'ambo pale na bunduki zao. Wenzangu walikimbia mmoja mmoja. Mimi nikabaki."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini nilikuwa sijamwona Mwingereza. Nikasema, nikikimbia sasa sitajua anafananaje." Akaketi tena. "Alikuwa mwekundu, amelowa maji, amechoka. Akaniomba maji ya kunywa kwa ishara. Nikampa."

Bitegeko alikuwa amechuchumaa, anaushika mlima kwa viganja. "Basi baba yako alisema kweli," aliniambia.

"Na wako."

Furaha iliyonishika pale siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajalala karibu mwaka na swali moja. Nilisahau kabisa kwamba yule mama amekuja kunivunjia nyumba. Nikaanza kumwuliza mioto ilikuwa mingapi, kuni zilitoka wapi, na yeye akajibu, na jua likasogea. Mwisho akatazama kikapu mapajani, akachagua buni moja iliyosalia, yenye uzi wa kijani. Akaufungua uzi kwa kucha, akaniwekea kando kwenye jiwe. Buni akaitia mdomoni huku ananitazama machoni.

"Mdogo wangu na wanawe walinituma na maneno," alisema akitafuna. "Nitawaambia nimeyameza pamoja na kapteni wako."

Kesho yake nilimkimbilia muuguzi, kama mtu mwenye kizunguzungu anaweza kukimbia. Aliniambia ugonjwa huu husafiri kwa pumzi ya anayekohoa, si kwa buni iliyokauka miezi, lakini bibi apimwe ili sote tulale. Shangazi akapimwa, akaulizwa maswali, akayajibu na kuuliza yake mengi zaidi. Akarudi Kyerwa. Kuanzia hapo, nasikia, ukoo mzima ulikuwa ukimsikiliza akilala. Akipaliwa na ugali watu walisimama. Akijua wanamtazama, alikohoa makusudi, kisha akacheka.

Mimi nami nilingoja. Makohozi yalichukuliwa mwishoni mwa kiangazi, yakachukuliwa tena mvua za vuli zilipoanza, na tena. Kungoja jibu kwenye benchi lile kulikuwa kugumu kuliko sindano, na kama upo hapo sasa, nakwambia tafuta kitu cha kukutatiza, kiwe cha zamani na kisichokuhusu kabisa. Daktari aliponiambia nimesafika nilimwomba arudie, upande wa sikio lisilolia.

Bitegeko alikuja kufanya amani. Mateka walikuwa wameliwa, kwa hiyo nilichemsha kahawa mpya. Alizipokea kiganjani, akatafuna zote, akatema maganda chini nikayaona kwa macho yangu. Halafu akauliza kama daktari amesema lolote jipya kuhusu maziwa. Nilimwambia ni yaleyale. Akageuza kigoda.

Senene walikuwa wanatua tena siku waliyokuja. Nilikuwa barazani, cherehani mbele yangu, suruali ya kaki ya yule karani ikingoja miguu mipya. Shangazi alitangulia. Nyuma yake Anjelina, na nyuma ya Anjelina, ameshika nguo ya mama yake, msichana anayetembea mwenyewe na anayenitazama kama anavyotazamwa mtu wa njiani. Anjelina alisimama penye ua. Alinitazama mashavu, akatazama mikono, akatazama kikapu kilichokuwa mlangoni mahali palepale alipokiacha.

Shangazi hakuketi wala hakusalimu. Alinyoosha mkono.

"Nipe mateka wangu."

Nilichukua buni kikapuni, nikaziweka kwenye kiganja changu. Nikamimina kwenye chake. Akazigeuzageuza.

"Hawa hawana vyeo?"

"Vita vimekwisha, shangazi."

Akazitia mdomoni akatafuna kwa kishindo, ili ukoo usikie. Nilipogeuka kurudisha kikapu mahali pake, nikamkuta Anjelina amesimama karibu yangu, amekinga viganja vyote viwili.